Zakayo, Yoshua na mpiga kura wa Kenya

Agosti 2022 Wakenya waliwekewa wagombea wanne wa urais kwenye karatasi ya kura. David Mwaure Waihiga wa chama cha Agano alikuwa wakili na mchungaji. George Wajackoyah wa Roots alikuwa profesa aliyeahidi kuhalalisha bangi na kufuga nyoka ili nchi ilipe madeni yake. Sensa ya 2019 ilikuta Wakristo ni zaidi ya asilimia 85 ya Wakenya na Waislamu karibu asilimia 11, kwa hiyo mgeni angeapa kwamba mchungaji atamwacha mbali mtu wa bangi. Haikuwa hivyo. Wajackoyah alipata kura 61,969, naye mchungaji akapata 31,987, na ukizijumlisha zote hazifiki asilimia moja. Miaka kumi na mitano kabla ya hapo, Askofu Pius Muiru, mhubiri aliyekuwa akijaza viwanja na kuonekana kwenye runinga kila wiki, aliwania urais wa 2007 na hakufikisha hata kura elfu 10.

Naanza na takwimu hizi kwa sababu kila uchaguzi ukikaribia tunasikia habari za “kura ya kanisa” kana kwamba ni gunia lililowekwa stoo likisubiri mwenye gari. Husemwa kwamba kanisa ndilo lililomwingiza William Ruto Ikulu. Maaskofu waliomwombea husema hivyo kwa fahari, na wapinzani wake husema hivyo kwa hasira. Mimi siamini. Imani ina nguvu kubwa katika siasa za Kenya, ila nguvu hiyo haiko pale tunapoitafuta. Haimchagulii Mkenya mtu wa kumpa kura. Kazi yake ni kumwekea mwanasiasa yeyote, wa chama chochote, orodha ya mambo asiyothubutu kuyagusa. Ni breki, na usukani umeshikwa na wengine.

Kipimo kizuri kuliko vyote ni kura ya maoni ya Agosti 4, 2010. Sijui kama kutakuwa na kura nyingine ambayo makanisa yataiingia kwa umoja na wazi kiasi kile. Baraza la makanisa NCCK, maaskofu wa Katoliki na makanisa ya kipentekoste, watu ambao kwa kawaida hawakai meza moja, wote walisema hapana kwa rasimu ya katiba. Walikuwa na sababu mbili kuu. Kwanza ni kifungu cha 26, kinachosema uhai huanza mimba inapotungwa lakini kikaruhusu utoaji mimba pale mtaalamu wa afya anapoona maisha au afya ya mama iko hatarini. Pili ni mahakama za Kadhi kutajwa ndani ya katiba, ingawa mahakama hizo zilikuwamo kwenye katiba tangu uhuru wa 1963 kufuatia makubaliano juu ya ukanda wa Pwani uliokuwa chini ya Sultani wa Zanzibar. Hata Wamarekani walikuja kusaidia: shirika la mawakili wa kihafidhina la American Center for Law and Justice lilifungua tawi lake Nairobi mwaka huo huo. Mahubiri yakatolewa, waraka zikasomwa, mikesha ikafanywa. Rangi ya Hapana ikawa nyekundu, ya Ndiyo kijani.

Kijani kikashinda kwa zaidi ya kura milioni 6 dhidi ya chini ya milioni 3.

Tazama pia kura hizo zilitoka wapi. Mkoa wa Kati, nchi ya Wapresbiteri, Wakatoliki na Waakorino, mahali ambapo kila kilima kina mnara wa kanisa, ulipiga Ndiyo kwa zaidi ya kura nane katika kila kumi, kwa sababu Rais Mwai Kibaki alitaka Ndiyo. Nyanza ilizidi hapo, kwa sababu Waziri Mkuu Raila Odinga alitaka Ndiyo. Mkoa mmoja tu kati ya minane ulisema Hapana: Bonde la Ufa, ambako Hapana iliongozwa na William Ruto, wakati huo Waziri wa Elimu ya Juu, na kuungwa mkono na rais mstaafu Daniel arap Moi. Kama kilichoamua kilikuwa fundisho juu ya mimba na Kadhi, basi inabidi tuamini kwamba Roho Mtakatifu alisikika vizuri Eldoret na hakusikika kabisa Nyeri.

Wapo watakaosema Bonde la Ufa ndilo lililoshika imani kuliko wengine. Basi turudi nyuma miaka mitatu. Mwaka 2007 Raila alitia saini mkataba wa maelewano na viongozi wa Kiislamu wa NAMLEF. Nakala ya uongo ikasambazwa ikidai kwamba ameahidi kuleta Sharia, na ikajadiliwa makanisani kwa hofu kubwa. Huyo ndiye mgombea ambaye Mkristo wa Bonde la Ufa angemkimbia. Lakini waumini wa Africa Inland Church wa Uasin Gishu na Nandi walimpigia Raila kura kwa wingi, kwa kuwa Ruto alikuwa naye ndani ya chama cha ODM. Mwaka 2010 Ruto alimpinga Raila, nao wakampinga. Mwaka 2013 Ruto alikwenda kwa Uhuru Kenyatta, nao wakaenda. Benchi zile zile, Biblia ile ile, kitabu cha nyimbo kile kile, na mara zote tatu kura zikamfuata mtu mmoja. Mahubiri juu ya Kadhi yalipata masikio pale ambapo kigogo wa eneo alikuwa amekwisha kufungua mlango.

Ugumu wa kutenganisha dini na kabila kwetu una historia yake. Wamisionari hawakuja Kenya kushindana kila mahali; waligawana nchi. Waskoti walishika Thogoto na Tumutumu, ndiyo maana PCEA, kanisa la Wapresbiteri, ni kanisa la Wakikuyu zaidi ya lilivyo la Wajaluo. Africa Inland Mission ilikaa Kijabe na kuenea kwa Wakamba na Wakalenjin. Quaker wakaweka kambi Kaimosi mwaka 1902, na hadi leo Quaker wa Kenya ni Mluhya mpaka athibitishe vinginevyo. Waadventista walishukia Gendia mwaka 1906, wakapanda kwenda Kisii. Wamethodisti wakapata Meru. Kwa hiyo anapokuja mtafiti na kusema waumini wa dhehebu fulani humpenda mgombea fulani, mara nyingi amehesabu kabila mara ya pili bila kujua. Dhehebu moja kubwa lililo kila mahali, Katoliki, ndilo linalofichua siri: Misa ya Jumapili inasoma masomo yale yale Kisumu na Nyeri, na katika chaguzi za hivi karibuni majimbo hayo mawili hayajapata kukubaliana juu ya rais.

Waislamu nao hawako tofauti, isipokuwa kwa jambo moja. Mombasa, Kwale na Kilifi, Muislamu na Mkristo walipiga foleni pamoja 2022 na Raila akaongoza. Kaskazini Mashariki, ukoo huamua mengi kabla sheikh hajafungua kinywa. Ila katika ile kura ya 2010, Kaskazini Mashariki ilisema Ndiyo kwa zaidi ya asilimia 90, na hapa nakubali kwamba dini ilifanya kazi yake. Mahakama ya Kadhi ni mahali ambapo mjane wa Garissa au Lamu anakwenda kudai mirathi. Ilipowekwa mezani, watu waliitetea. Jamii ndogo hupiga kura kwa imani pale chombo chake chenyewe kinapotishiwa. Jamii kubwa, ambayo hakuna anayeweza kuitishia kwa dhati, ina nafasi ya kufikiria mambo mengine.

Hapo ndipo tofauti yetu na Marekani inapoonekana. Kule Mkristo mweupe wa kiinjili ana chama: takriban wanane kati ya kumi walimpigia Donald Trump mwaka 2016. Wanaweza kufanya hivyo kwa sababu vyama viwili vya kule vimegawana mambo ya mimba na ndoa, kimoja huku na kingine kule. Kenya hakuna mgawanyo huo, kwa kuwa hakuna mwanasiasa aliyekaa upande wa pili. Februari 2023 Mahakama ya Juu, kwa majaji watatu dhidi ya wawili, iliamua kwamba shirika la kutetea haki za mashoga lisinyimwe usajili. Rais Ruto alisema jambo hilo halitawezekana Kenya. Aliyeshika kalamu kuandika mswada mkali wa kulinda familia alikuwa Peter Kaluma, mbunge wa Homa Bay Mjini, wa ODM, chama cha upinzani wakati huo. Serikali na upinzani wakaimba sauti moja, na huo ni msimamo ambao haumpi mpiga kura chochote cha kuchagulia. Ukienda sokoni na kila muuzaji ana nyanya zile zile, utanunua kwa unayemjua.

Breki yenyewe, hata hivyo, inashika barabara. Mwaka 2016 Mwanasheria Mkuu Githu Muigai alileta kanuni za kudhibiti makanisa: wahubiri wawe na elimu ya theolojia, hesabu za fedha ziwasilishwe. Makanisa yalipopiga kelele, Rais Uhuru akaziweka kando Januari mwaka huo huo. Miaka saba baadaye, kwenye msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi, ikafukuliwa miili zaidi ya 400 ya wafuasi wa Paul Mackenzie, wengi wao walioambiwa wafunge hadi wamwone Yesu. Sisemi kanuni za 2016 zingewaokoa wote. Nasema kwamba hakuna mwanasiasa wa upande wowote aliyekuwa tayari kupoteza Jumapili hata moja kwa ajili ya kanuni hizo, na hata baada ya makaburi yale, mjadala wa sheria ya mashirika ya dini umekwenda kwa mwendo wa kinyonga.

Sasa, kama imani haimchagulii mtu mgombea, Ruto alikuwa akitafuta nini kwenye makanisa yote yale kati ya 2018 na 2022?

Angalia safari yake ya vyama: KANU, ODM, URP, Jubilee, UDA. Vyama vitano. Kwa mwanasiasa wa Kenya chama ni gari la kukodi, na UDA yenyewe ilipata jina hilo mwishoni mwa 2020 tu. Katikati ya chaguzi ofisi za vyama hufungwa na mabango kubomolewa. Kanisa halifungwi. Lina mwenyekiti wa akina mama, kiongozi wa vijana, mhazini, kwaya, na kundi la WhatsApp linalojua nani kafiwa na nani kalazwa. Hukutana kila wiki mpaka kijiji cha mwisho. Ruto, aliyetoka kwenye umoja wa wanafunzi Wakristo wa Chuo Kikuu cha Nairobi, aliujua mtandao huo kutoka ndani, na alipofukuzwa mezani na Uhuru aliutumia kama chama ambacho hakikuhitaji kusajiliwa. Alishinda kwa asilimia 50.49 dhidi ya 48.85 za Raila, aliyeungwa mkono na Uhuru, tofauti ya kura zipatazo 233,000. Kwa pengo dogo namna hiyo, mtandao unaweza kabisa kuwa uliamua. Lakini mtandao ni viti, simu na vinywa. Mkikuyu wa Kirinyaga aliyemwacha Uhuru, mtoto wa nyumbani, akampa Ruto, alikuwa na hasira ya bei ya mahindi na mikopo ya biashara kabla ya kuwa na aya yoyote.

Anayetaka kuona jinsi mtandao huo unavyofanya kazi aende kwenye harambee ya kanisa. Ibada huanza saa tatu. Viti vya plastiki vya mbele vimevalishwa vitambaa vyeupe na haviketiwi na mtu. Mahubiri yanavutwa, yanavutwa, mpaka saa sita kasoro vumbi linapoonekana barabarani na mhubiri anakumbuka ghafla kwamba amemaliza. Msafara unaingia. Anasalimu diwani kwanza, kisha mwakilishi wa wanawake, kisha mbunge, kila mmoja na “Bwana asifiwe” mara tatu mpaka itikio limridhishe. “Mimi leo sikuja kufanya siasa,” anasema mgeni rasmi, na kanisa zima linacheka kwa sababu sentensi inayofuata wote wanaijua. Anataja kiasi chake, anataja cha rafiki zake ambao hawakufika, anaongeza kitu kidogo cha sare za kwaya. Anapiga magoti na kuombewa, mikono ikiwekwa begani. Msafara unaondoka kabla ya chakula. Jumapili mbili baadaye unakuja wa upande wa pili, viti vinavalishwa vitambaa vile vile, na mhazini anaandika kwenye daftari lile lile. Nani kadanganywa hapo? Sidhani kama ni waumini.

Kuombewa huko ndiko kunakotafutwa zaidi ya kura. Kunasafisha. Ruto na Uhuru walipokuwa na kesi Hague walizunguka nchi kwa “mikutano ya maombi”, na mashtaka ya mauaji yaliyofuata uchaguzi wa 2007 yakageuzwa kuwa habari ya wenye haki wanaoteswa na wageni. Raila hakuachwa nyuma: 2017 alijiita Yoshua anayewavusha watu kwenda Kanani. Lugha ya Biblia ndiyo lugha pekee ya siasa ambayo Mkamba, Mluhya na Mkikuyu wamelelewa nayo kwa usawa, shuleni na Sunday school, na mwanasiasa asiyeijua kwetu ni kama hana ulimi.

Na kanisa halikuwa limelala upande wa wakubwa siku zote. Hili kizazi kipya hakilijui vya kutosha. Moi alikwenda kanisani kila Jumapili na habari za jioni zikaanza na kwaya. Lakini alipoleta kura ya mlolongo, watu wapange foleni nyuma ya mgombea, waliosimama kumpinga walikuwa na kola za kichungaji: Henry Okullu, Alexander Muge, Ndingi Mwana a’Nzeki, Timothy Njoya. Njoya alihubiri mwaka mpya wa 1990 kwamba mfumo wa chama kimoja utaanguka kama ulivyoanguka Ulaya Mashariki. Muge alikufa kwenye ajali ya barabarani Agosti mwaka huo, siku chache baada ya waziri mmoja kumtishia hadharani. Watu hao walikuwa wahafidhina wa kanisa kuliko wengi wa leo. Uhafidhina wao haukuwazuia kusema. Pengine ndio uliowapa ulimi.

Ndiyo maana yaliyotokea 2024 hayakunishangaza kama yalivyowashangaza waliodhani dini ni mali ya Ikulu. Serikali ilikuwa imekwisha kuongeza ushuru wa mafuta kutoka asilimia 8 hadi 16 na kukata asilimia 1.5 ya mshahara kwa ajili ya nyumba; sasa mswada wa fedha ukataka kugusa mkate. Vijana wakampa rais jina kutoka Luka 19: Zakayo, mtoza ushuru mfupi aliyepanda mkuyu. “Zakayo shuka” ikaimbwa Nairobi, Nakuru, Eldoret kwenyewe. Juni 25 waandamanaji wakaingia bungeni, watu wakauawa kwa risasi, na siku ya pili mswada ukaondolewa. Rais aliyejijenga kwa Maandiko alikuwa amefunzwa Maandiko na watoto waliokariri CRE, somo la dini ya Kikristo, kwa ajili ya mtihani. Wala hawakuishia kwake. Waliwageukia maaskofu: kwa nini mnampa mimbari?

Swali hilo lilizaa matunda kwa baadhi. Kanisa la Anglikana lilikuwa limetangulia. Septemba 2021, kule Butere, Rose Okeno alipotawazwa kuwa mwanamke wa kwanza kuongoza dayosisi ya kanisa hilo Kenya, Askofu Mkuu Jackson Ole Sapit aliwanyima wanasiasa kipaza sauti hali wameketi mbele. Novemba 2024 maaskofu wa Katoliki waliishutumu serikali kwa utamaduni wa uongo, na siku chache baadaye Askofu Mkuu Philip Anyolo akaagiza fedha ambazo Ruto alitoa kwa parokia moja ya Nairobi zirudishwe. Machi 2025 rais akatoa shilingi milioni 20 kwa kanisa la Jesus Winner, Roysambu. Jumapili iliyofuata vijana walichoma magurudumu barabarani na polisi wakafyatua vitoa machozi karibu na nyumba ya ibada. Ruto hakurudi nyuma. Julai alikiri kwamba anajenga kanisa ndani ya Ikulu kwa pesa zake na kusema haombi radhi.

Nionavyo, rais amekosea hesabu. Sadaka ya milioni 20 ilikuwa na maana wakati muumini aliamini kwamba pesa hizo ni za mtoaji. Muumini wa leo anaangalia payslip yake na kuona zimetoka wapi.

Lakini mapadri na maaskofu wa kola wasijisifu mapema. Katoliki inaweza kurudisha milioni kwa sababu ina jimbo kuu, shule, hospitali na mashamba. Mchungaji wa kanisa la mabati pale Kayole au Pipeline, mwenye waumini 70 na deni la kodi ya kiwanja la miezi minne, hana askofu wa kumkataza wala sinodi ya kumlipia. Makanisa ya namna hiyo yako kila mtaa, na hakuna waraka wa askofu mkuu unaosomwa humo. Rigathi Gachagua, aliyeng’olewa kwenye umakamu wa rais Oktoba 2024, ameijua njia ya huko kama bosi wake wa zamani anavyoijua. Kuelekea 2027 magari ya pande zote yatapishana kwenye vichochoro hivyo, na mchungaji atawakaribisha wote, maana mwenye kiwanja atakuja Jumatatu.